Mali ya Mgeni Ardhini: Hekaya za Dafina na Swali la Mwenye Mali katika Pwani ya Waswahili na Tanzania Bara

Ikisiri

Hekaya za mali iliyofukiwa zimeenea katika pwani ya Waswahili na katika bara la Tanzania, lakini wataalamu wa fasihi simulizi hawajazipa uzito unaolingana na mvuto wake kwa jamii. Makala hii inazichunguza hekaya hizo kwa kuuliza swali moja: kwa nini mwenye mali katika hekaya ni mgeni karibu kila mara? Kwa kulinganisha msamiati wa dafina, historia ya dhahabu ya Kilwa, matokeo ya uchimbaji wa kiakiolojia Mtambwe Mkuu na Gedi, na masimulizi ya mali ya Wajerumani, makala inadai kwamba hekaya hizi zina kumbukumbu ya kweli ya kupotea kwa utajiri, ila zinamkosea mwenye mali. Kumtaja mgeni kunampa mchimbaji ruhusa ambayo asingeipata kama angekiri kwamba anachokifukua ni urithi wa watu wake mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Hekaya ya dafina haihitaji maneno mengi. Mtu mwenye mali nyingi alilazimika kukimbia ghafla. Hakuweza kubeba alichokuwa nacho. Akakifukia, akaweka alama juu ya jiwe au mti, akaondoka kwa nia ya kurudi, asirudi. Mali ingali pale. Anayeijua alama ataipata, ila kuna mlinzi asiyeonekana, na asiyefuata masharti hatatoka salama. Majina hubadilika kwa mahali: huku ni Mreno, kule ni Mwarabu, bara ni Mjerumani. Muundo haubadiliki.

Katika taaluma ya fasihi simulizi, masimulizi ya namna hii huwekwa katika kundi la visakale, yaani masimulizi ambayo jamii huyachukua kuwa ya kweli na huyaweka katika wakati wa kihistoria, tofauti na ngano ambazo msimulizi na hadhira wote wanajua kuwa ni za kubuni. Uainishaji huu, ambao William Bascom aliufafanua mwaka 1965, unatufaa kwa jambo moja: kisakale hudai kuaminiwa. Anayesikiliza hekaya ya dafina anaweza kesho yake kushika jembe. Ni vigumu kutaja utanzu mwingine wa fasihi simulizi ambao athari yake huonekana upesi kiasi hicho katika umbo la shimo.

Jan Vansina, katika kazi yake ya mwaka 1985 kuhusu mapokeo simulizi kama historia, alisisitiza kwamba simulizi hubeba mambo mawili kwa wakati mmoja: ujumbe wa wakati uliopita na mahitaji ya wakati wa anayesimulia. Makala hii inaufuata mtazamo huo. Haikusudii kuwacheka wanaoamini hekaya za dafina, wala kuwatetea. Inakusudia kuonyesha ni sehemu ipi ya hekaya inayohifadhi historia, na ni sehemu ipi inayoifukia.

2.0 Msamiati wa mali iliyofichwa

Kiswahili kina maneno kadhaa ya mali iliyowekwa mbali na macho ya watu, na kila moja lina mkazo wake. Neno hazina limetokana na Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mahali pa kuwekea, ghala au chumba cha mali. Ndiyo maana serikali zetu zimeliteua kuwa jina la idara inayosimamia fedha za umma. Hazina haimaanishi lazima kitu kilichofukiwa. Ina mwenyewe, ina mlinzi, na kwa kawaida ina hesabu. Kanzi, neno linaloonekana zaidi katika Kiswahili cha washairi na cha vitabu vya dini, linakaribia maana ya mali iliyolimbikizwa. Dafina ndiyo iliyo wazi kuliko yote: asili yake ni kitenzi cha Kiarabu cha kuzika. Dafina ni kilichozikwa.

Lipo pia neno rikazi, la wanafikihi. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, rikazi ni mali iliyofukiwa tangu enzi za kabla ya Uislamu; anayeiokota hutoa sehemu moja ya tano, na sehemu nne ni zake. Hata hivyo, wanafikihi waliweka sharti ambalo ni muhimu sana kwa mjadala wetu. Iwapo mali iliyopatikana ina alama za kuonyesha kwamba mwenyewe alikuwa Mwislamu, basi hiyo si rikazi bali ni lukta, mali iliyopotea, na aliyeipata ana wajibu wa kuitangaza na kumtafuta mwenyewe. Kwa maneno mengine, kabla ya kuuliza dafina ina thamani gani, sheria huuliza ni ya nani. Mali ya mtu wa mbali, aliye nje ya jamii na asiye na mrithi anayejulikana, ni halali kwa aliyeichimbua. Mali ya mtu wa jamii ile ile ni amana.

Msikilizaji wa pwani aliyelelewa katika mafunzo ya madrasa anavijua pia visa viwili vya Kurani vinavyotoa sura mbili za mali iliyo chini ya ardhi. Katika Suratul-Kahf kuna ukuta uliokaribia kuanguka, na chini yake hazina ya mayatima wawili. Ukuta unasimamishwa upya ili mayatima wakue na kuitoa hazina yao wenyewe. Katika Suratul-Qasas kuna Karuni, tajiri mwenye kiburi, ambaye ardhi ilimmeza pamoja na nyumba yake. Kisa cha kwanza ni cha mali inayomngoja mrithi wake. Cha pili ni cha mali iliyoondolewa duniani kama adhabu. Tutaona kwamba hekaya za dafina huegemea upande wa Karuni, na kwamba mayatima hawamo.

Mwisho, tuvitazame vitenzi. Kiswahili husema ficha na fichua, fukia na fukua. Tofauti ya tendo na kinyume chake ni irabu moja tu. Lugha yenyewe imejengwa kwa matumaini kwamba kilichofukiwa kinaweza kufukuliwa. Historia haina ukarimu huo.

3.0 Kilwa: dhahabu iliyo juu ya ardhi

Hakuna mji wa pwani uliostahili hekaya za dhahabu kuliko Kilwa. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri huyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akitoa sehemu moja ya tano ya ngawira na kuitumia kama Kurani inavyoagiza, na kwamba fungu la jamaa za Mtume aliliweka katika hazina ya peke yake, nao masharifu walikuwa wakimwendea kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Hapa tunaiona hazina kwa maana yake ya asili: mali yenye mafungu, yenye wanaostahili, inayoingia na kutoka. Utajiri wenyewe ulitokana na biashara ya dhahabu iliyofika Sofala kutoka bara la kusini, ambayo Kilwa iliitawala. Sarafu tatu za dhahabu zenye jina la sultani huyo huyo, ambazo Helen Brown alizichapishia maelezo mwaka 1991, zinathibitisha kwamba Kilwa haikupitisha dhahabu tu bali iliipiga chapa.

Dhahabu hiyo ilikwenda wapi? Hekaya ingejibu kwamba ilifukiwa Wareno walipotokea. Historia ina jibu jingine, na jibu hilo linaweza kuonwa kwa macho. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa wakati huo, alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ikapelekwa Lisbon. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha ibada, kazi ambayo inanasibishwa na mfua dhahabu Gil Vicente na ambayo ilikamilika mwaka 1506. Maandishi yaliyo kwenye chombo hicho yanataja waziwazi kwamba kilifanywa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Leo kinajulikana kama Custódia de Belém na kimewekwa katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale mjini humo, ndani ya kioo, mbele ya watazamaji.

Kati ya kodi ile na kukamilika kwa chombo kile kulitokea jambo jingine. Mwezi wa Julai 1505 jeshi la Francisco de Almeida liliteremka Kilwa, Amir Ibrahim akakimbia, na mji ukaporwa. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mombasa, ambayo iliporwa na kuchomwa moto. Ni jambo la kuaminika kabisa kwamba katika siku kama hizo wapo waliochimba sakafu zao usiku na kuficha walichoweza. Hekaya haikosei inapodai kwamba mali huzikwa wakati wa hofu. Kosa lake liko kwingine. Katika masimulizi mengi ya dafina ya pwani Mreno ndiye aliyefukia na kuacha, hali katika kumbukumbu za kihistoria Mreno ndiye aliyechukua na kuondoka. Mporaji amegeuzwa kuwa mwenye mali. Aliyenyang'anywa hatajwi.

Mgeuzo huu si wa Kilwa peke yake. Habari za Pate, katika matoleo yake mbalimbali, zinasimulia enzi ambayo watu wa mji huo walikuwa na ngazi za fedha za kupandia vitanda vyao; na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mbele ya magofu ya nyumba hizo hizo. Kwa mshairi yule, swali la utajiri ulikokwenda lilikuwa swali la maadili: dunia ni hadaa, na waliojivuna wameingia makaburini. Hekaya ya dafina ni jibu la pili kwa swali lile lile, jibu la mtu asiyeridhika na wasia. Inasema mali haikuisha. Imehamia chini tu.

4.0 Kilichofukuliwa: Mtambwe Mkuu na Gedi

Dafina za kweli zipo, na mojawapo ilifukuliwa kwa utaratibu wa kitaalamu. Mwaka 1984 timu ya Mark Horton ilipata Mtambwe Mkuu, katika pwani ya magharibi ya Pemba, limbikizo la sarafu ndogo za fedha zipatazo zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali za Kiislamu. Sarafu ya mwisho yenye tarehe ni ya mwaka 1066. Kwa kigezo chochote hii ni dafina ya kuridhisha msimulizi wa hekaya.

Lakini sarafu zile za fedha zilipooshwa na kusomwa, majina yaliyoonekana yalikuwa ya watawala wa pwani hii hii. Walikuwa watawala wa Kiislamu wa Afrika Mashariki waliopiga fedha yao kwa mtindo unaofanana na ule wa sarafu za Kilwa, ambazo upande mmoja hutaja jina la mtawala na upande wa pili humtaja Mungu kwa maneno yanayokamilisha kina. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wana sababu ya kulizingatia jambo hili: sarafu ya pwani ilikuwa pia bayana fupi ya vina, iliyopita mikononi mwa wachuuzi karne nyingi kabla ya miswada tuliyo nayo ya tenzi. Alama iliyokuwa juu ya dafina ya Mtambwe, kwa lugha ya wanafikihi, ilikuwa ni alama ya mwenye mali, na mwenye mali alikuwa mwenyeji.

Mapokeo ya Pemba na Unguja yalikuwa yakisema vinginevyo kuhusu magofu kwa jumla. Visima na misikiti ya kale ilinasibishwa na Wadebuli, watu waliodaiwa kuja kutoka ng'ambo, wakajenga, kisha wakatoweka. Pale ambapo mwenyeji alikubaliwa kuwa mjenzi, kama katika ngome ya Pujini, alisimuliwa kama jitu la ukatili. Mkama Ndume wa masimulizi ni mtawala aliyewafanya raia wabebe mawe huku wakijisogeza kwa matako. Mapokeo yanatupa basi wamiliki wa aina mbili tu kwa ukubwa uliopita: mgeni aliyetoweka, au dhalimu ambaye hakuna anayetaka kuwa mrithi wake. Wote wawili ni ndugu wa Karuni.

Gedi, karibu na Malindi, inatoa somo la aina nyingine. Mji huu uliohamwa na kumezwa na msitu umezungukwa kwa muda mrefu na imani kwamba wazee wa kale wangali humo na humwadhibu anayechukua kitu. James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 alizipa nyumba majina kwa kufuata vitu vilivyopatikana ndani yake. Tunayo hivyo Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Mtu aliyekuja kutafuta dhahabu angeona orodha hii kuwa ni ya kukatisha tamaa. Mwanahistoria anaiona kuwa ndiyo dafina yenyewe, kwa kuwa mkasi na taa vinatueleza jinsi watu walivyoishi, jambo ambalo tofali la dhahabu haliwezi kulieleza.

Tofauti ya msingi ni kwamba thamani ya vitu hivi haimo ndani yake peke yake. Imo katika mahali vilipolala, udongo uliovifunika, na vitu vilivyolala jirani navyo. Sarafu ya Mtambwe iliyokutwa pamoja na dinari ya 1066 inatupa wakati, kwa sababu sarafu za pwani zenyewe hazina tarehe. Sarafu ile ile ikiuzwa sokoni, bila dinari na bila tabaka lake la udongo, inabaki kipande kidogo cha fedha. Anayechimba kwa kufuata hekaya huipata sarafu na kuipoteza historia yake kwa pigo moja la sururu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila leseni kwa sababu hiyo, nayo si kwa kuionea wivu bahati ya mwananchi.

5.0 Mali ya Mjerumani

Tukiingia bara, mgeni hubadilika. Katika sehemu nyingi za Tanzania, hasa penye boma la kale, misheni, shamba la mkonge au njia ya jeshi la Vita vya Kwanza vya Dunia, husimuliwa kwamba Wajerumani walizika mali walipokuwa wakirudi nyuma, wakachonga alama kwenye miamba na kupanda miti ya kumbukumbu. Mtalii wa Kijerumani anayepiga picha jiwe hudhaniwa kuwa amekuja na ramani ya babu yake.

Hekaya hii ina mbegu za kweli zinazojulikana vizuri. Meli ya vita ya Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji na kuzamishwa na mabaharia wake Julai 1915, kisha mizinga yake 10 ikaopolewa na kukokotwa hadi kwenye medani za vita vya nchi kavu. Huko Kigoma, tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli ya Graf von Götzen kwa makusudi, baada ya kuzipaka mitambo yake grisi nzito ili isile kutu. Hiki ni kisa cha hekaya kilichotukia kweli: mgeni anayekimbia, kitu cha thamani kilichofichwa, matayarisho ya kurudi. Hakurudi. Waingereza waliiopoa meli hiyo mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kubeba abiria wa Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba.

Dhahabu nayo ilikuwapo. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na halipati fedha kutoka Ulaya, serikali ya kikoloni ilipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli karibu na Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja wa sarafu una tai wa dola, na upande wa pili una tembo mbele ya milima. Zilipigwa kiasi cha 16,000, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na ushei. Msomaji anaweza kufanya hesabu: sarafu zote za dhahabu za Tabora, zikikusanywa mahali pamoja, hazifiki kilo 120, mzigo wa wapagazi wachache. Isitoshe, hazikupigwa ili zizikwe. Zilitolewa zitumike, zikatawanyika, na leo zimo katika mikusanyo ya watu na makumbusho mengi duniani. Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916, hapakuwa na mlima wa dhahabu wa kufukia.

Pamoja na hayo, watu huokota sarafu za Kijerumani ardhini. Mkulima anayelima shamba la babu yake anaweza kukuta rupia za fedha au heller za shaba, pengine zikiwa ndani ya chungu. Hekaya humwambia papo hapo: Mjerumani alifukia hapa. Tuulize swali la wanafikihi: ni za nani?

Kodi ya nyumba ilianza mwishoni mwa karne ya 19, baada ya agizo la mwaka 1897. Ili kuipata rupia ya kodi, mtu alikwenda kufanya kazi katika shamba la mlowezi, akajaziwa kipande siku kwa siku, au akauza nta, mpira, ufuta, pembe. Alichobakiza alikiweka. Hapakuwa na benki kijijini. Palikuwa na chungu, na palikuwa na sakafu ya udongo chini ya kitanda. Vita vilipofika, majeshi ya pande zote mbili yalichukua chakula, mifugo na watu. Baba alichukuliwa upagazi, na wapagazi walikufa kwa wingi kwa njaa na maradhi. Chungu kikabaki. Katika miaka michache iliyofuata vita, rupia iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na shilingi ya Afrika Mashariki, na hata aliyejua chungu kilipo alikuwa na sababu ndogo ya kukifukua.

Kwa sababu hizi, dhana iliyo karibu zaidi na akili ni kwamba sehemu kubwa ya fedha ya Kijerumani iliyolala katika mashamba ya Tanzania haikuzikwa na Mjerumani. Aliizika mlipa kodi. Sarafu ina alama ya dola ya Kaisari, lakini aliyeitolea jasho ni mtu ambaye huenda wajukuu zake ndio wanaoifukua leo, wakishukuru bahati ya kuokota mali ya mgeni.

Deni la kweli la Mjerumani nalo lina historia yake. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani wa jeshi la Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Hayakuwa ya wapagazi. Hekaya ya mali ya Mjerumani inaweza kusomwa kama daftari la deni lisilolipwa, ambalo limeandikwa kwa namna pekee iliyobaki kwa wasio na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa mali imekwisha na habari imebaki, ila jina la mdai limefutika.

6.0 Hekaya kama hesabu na kama ruhusa

Msomaji anaweza kupinga kwamba hoja hii inaidai hekaya kile ambacho haikukusudia kutoa. Hekaya si ripoti ya akiolojia. Tena anaweza kusema, kwa haki, kwamba kumtaja mgeni ni njia ya jamii kukumbuka uporaji: inasema kwamba watu hawa walikusanya mali isiyo yao, na kwamba ardhi ilikataa kuwaachia. Pingamizo hili lina uzito. Hekaya za dafina kweli ni aina ya hesabu. Zinatambua kwamba palikuwa na utajiri, kwamba umepotea, na kwamba upotevu huo una uhusiano na kuja na kuondoka kwa wageni. Katika mambo hayo matatu zimekuwa sahihi kuliko baadhi ya vitabu vya wakoloni vilivyoieleza pwani kana kwamba haikuwa na kitu.

Hata hivyo hesabu hiyo ina kasoro moja inayoiharibu jumla yake, na kasoro yenyewe haikutokea kwa bahati. Mali ikiwa ya babu, kuichimbua ni kugusa mirathi: kuna ndugu wa kuulizwa, kuna mafungu, pengine kuna kaburi jirani. Ikiwa ya mji, ni ya wote. Ikiwa ya mgeni aliyetoweka, ni ya mwenye sururu. Kumweka mgeni katika nafasi ya mwenye mali kunafanya kazi ile ile ambayo dhana ya rikazi inafanya katika fikihi, lakini bila masharti yake: hakuna anayetangaza, na sehemu moja ya tano haitolewi. Mlinzi wa kijini, anayedai sadaka na uvumba, amechukua nafasi ya kadhi.

Hapo ndipo penye madhara. Kuta za makaburi na vibla vya misikiti ya kale hubomolewa kwa sababu ya imani kwamba kitu cha thamani kimefichwa nyuma ya mawe, na mawe yenyewe ndiyo yaliyokuwa kitu cha thamani. Matapeli nao wamejipatia soko: mtu huahidiwa mamilioni kwa rupia moja ya mwaka fulani, hulipa kwanza gharama za mganga na za safari, na mwisho hubaki na sarafu ambayo thamani yake ni ya kawaida. Wanaotapeliwa si wapumbavu. Wameshikilia simulizi ambayo nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza.

7.0 Hitimisho

Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hekaya za dafina methali hii imepinduliwa: mgeni amekwenda, na mwenyeji bado anangoja apone kwa alichodhani kimeachwa. Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba ngojo hilo linatazama upande usio wake. Dhahabu ya Kilwa haimo chini ya magofu ya Kilwa. Iko Lisbon, na maandishi yake yanaitaja Kilwa kwa jina. Fedha ya Mtambwe ilikuwamo ardhini, na ilipofukuliwa ilikuwa na majina ya watawala wa pwani. Rupia za mashambani zina alama ya dola ya kigeni na jasho la mlipa kodi.

Kazi inayofuata kwa watafiti wa fasihi simulizi ni kuzikusanya hekaya hizi kwa utaratibu, mahali kwa mahali, wakizingatia nani anatajwa kuwa mwenye mali, nani mlinzi, na nani mwenye haki ya kuchimba, kisha wazilinganishe na kumbukumbu za kodi, za kazi na za vita za mahali pale pale. Ukusanyaji huo ukifanywa kwa ushirikiano na waakiolojia, masimulizi yanaweza kuwa ulinzi wa magofu badala ya kuwa ramani ya kuyabomoa, kwa kuwa mtu huchelea kubomoa alichokitambua kuwa ni cha kwao.

Kuna kitu kimoja ambacho bila shaka Wajerumani walikiacha, na hakihitaji kuchimbwa. Kila siku, kutoka Tanga hadi Kigoma, watu hukitamka wanaponunua unga au kulipa nauli. Neno hela ni heller ile ile ya mwaka 1904, iliyokwisha kupoteza taji lake na kuingia katika ngeli zetu. Sarafu iliondolewa, neno likabaki mikononi mwa waliokuwa wameitolea jasho. Hakuna anayeuliza leo kama ni mali ya mgeni.